Santuri za Descendents: zipi za kununua, na namna ya kuzilinda na hewa ya Mombasa

Santuri ya inchi 12 inayozunguka mara 33 kwa dakika hubeba dakika 20 hivi kila upande bila kubanwa. Milo Goes to College, albamu ya kwanza ya Descendents, bendi ya Kalifornia, Marekani, iliyotoka mwaka 1982, ina nyimbo 15, na zote kwa pamoja ni dakika 22 na ushei. Gawa kwa mbili, unapata dakika 11 kila upande. Mfereji wa sauti ambamo sindano hupita ukipata nafasi hivyo, fundi anayeukata anaweza kuuacha mpana, sauti ikatoka na nguvu zake, na sindano haina haja ya kusogea hadi karibu na lebo ya katikati, pale ambapo matoazi na herufi "s" huanza kukwaruza. Muziki wenyewe ni panki ya popu, mbio mbio na kelele, lakini ni katika muziki unaokubaliana na santuri kuliko mingi.

Santuri ndogo za taarabu na rumba zilizouzwa hapa Mombasa enzi za duka la Assanand na lebo yao ya Mzuri mara nyingi zililazimika kukata wimbo mmoja vipande viwili, nusu upande huu na nusu upande wa pili. Hawa jamaa wa Kalifornia wanakwenda kinyume kabisa. Fat, ya mwaka 1981, ni santuri ndogo yenye nyimbo tano, na mmoja, "Weinerschnitzel", ni wa sekunde 11: mtu anaagiza chakula dirishani, wimbo umekwisha.

Kinachofanya Milo Goes to College istahili pesa ni besi. Tony Lombardo, aliyekuwa mkubwa kiumri kuliko wenzake, hapigi besi ya kufuata gitaa nyuma nyuma. Anapiga tuni yake mwenyewe, na gitaa la Frank Navetta linabaki kuwa ukuta wa kelele nyuma yake. Sikiliza mwanzo wa "Suburban Home": ukiziba masikio ya moyo kwa gitaa na kufuata besi peke yake, wimbo mzima uko pale. Simu na spika ndogo za bluetuthi huimeza sehemu hiyo, ndiyo maana wengi husikia bendi hii mara ya kwanza wakadhani ni makelele tu. "Catalina" nao ni wa safari ya kuvua samaki kwenye kisiwa, mada ambayo hapa haihitaji kufafanuliwa. Onyo moja: baadhi ya mashairi yana matusi ya vijana wa wakati ule, mengine ya kudhalilisha watu, kwa hiyo si santuri ya kuwasha sebuleni wageni wakiwepo.

Jina la albamu si mzaha. Mwimbaji Milo Aukerman aliondoka kweli kwenda kusoma biolojia, akafika hadi shahada ya uzamivu. Ndiye huyo wa miwani na tai aliyechorwa kwenye kava, na mchoro huo umebaki nembo ya bendi hadi leo.

Baada ya hapo mambo yanapanda na kushuka. I Don't Want to Grow Up ya 1985, Ray Cooper akiwa kwenye gitaa, haina makali ya kwanza ila ina "Silly Girl" na "Good Good Things", tuni mbili tamu kuliko chochote walichokuwa wamefanya hadi hapo. Enjoy! ya 1986 iache dukani. Nusu yake ni mzaha wa chooni, na mzaha wa chooni hausikilizwi mara mbili. All ya 1987 ndiyo iliyowaleta Stephen Egerton kwenye gitaa na Karl Alvarez kwenye besi, wawili ambao wako kwenye bendi hadi sasa pamoja na mpiga ngoma Bill Stevenson. Wimbo unaobeba jina la albamu hiyo ni wa sekunde moja. Usihangaike kuinua sindano uurudie.

Santuri ya pili ya kununua, baada ya Milo Goes to College, ni Everything Sucks ya 1996, iliyotolewa na lebo ya Epitaph na kurekodiwa Blasting Room, studio ya Stevenson na wenzake huko Fort Collins, Colorado. Hapa ndipo ngoma na besi zinaposikika kama vitu viwili tofauti. "Coffee Mug" unaisha kahawa tungu ikiwa bado inakuunguza mdomo. Ukipenda zaidi ya hapo, chukua 9th & Walnut ya 2021: Navetta, Lombardo na Stevenson walirekodi vyombo mwaka 2002 kwa nyimbo zao za mwanzo kabisa, Navetta akafariki 2008, na Milo akatia sauti mwaka 2020. Kwa kusikiliza besi ya Lombardo iliyorekodiwa vizuri, haina mpinzani.

Sasa mashine ya kuchezea santuri. Umeme wetu ni volti 240 na hezi 50. Mashine nyingi za zamani kutoka Marekani zina mota inayofuata hezi 60 za kule. Transfoma itakushushia volti lakini hezi haigusi, kwa hiyo sahani itazunguka mara 27.8 badala ya 33.3, na Milo atasikika kama mzee aliyeamshwa usingizini. Dawa ni kubadilisha puli ya mota kwa iliyo pana zaidi kwa asilimia 20, au kununua mashine inayotumia adapta ya mkondo mnyoofu, ambayo haijali hezi.

Kosa linaloua besi zaidi ni waya. Santuri ikikatwa, besi hupunguzwa makusudi na sauti nyembamba huongezwa, ili mfereji usiyumbe sana. Saketi ya tundu la amplifaya lililoandikwa PHONO ndiyo inayorudisha kila kitu mahali pake. Ukichomeka kwenye AUX bila saketi hiyo, utapata sauti ndogo, kali, isiyo na tumbo, na utaulaumu muziki bure. Mashine nyingine zina saketi hiyo ndani na swichi kwa nyuma. Itazame kabla ya kununua kifaa cha ziada. Zikiwaka saketi mbili kwa pamoja, sauti itavimba na kupasuka.

Sindano nayo iwekewe uzito wake wa kukanyaga mfereji. AT-VM95E ya Audio-Technica, kwa mfano, inataka gramu 2, na haivuki kati ya 1.8 na 2.2. Watu huipunguza wakidhani wanaihurumia santuri. Sindano nyepesi kupita kiasi inarukaruka ndani ya mfereji kila Stevenson akigonga, na kule kurukaruka ndiko kunakochimba. Pima kwa kimizani cha gramu, usitegemee namba zilizoandikwa kwenye mkono wa mashine peke yake.

Ukiagiza nje, mwombe muuzaji aitoe sahani kwenye kava na kuiweka nyuma yake, la sivyo itapasua mshono wa kava njiani. Agiza tatu au nne kwa mkupuo: VAT ya asilimia 16 huhesabiwa juu ya bei pamoja na usafiri na ushuru, na usafiri wa sahani moja unakaribia wa tatu. Kifurushi kikifika usikiache kwenye gari lililoegeshwa juani Nyali hata kwa nusu saa. Sahani iliyopinda haikunjuki kirahisi.

Nyumbani, toa ile nailoni iliyobana kava, maana joto la kaskazi huifanya ibane zaidi na kukunja sahani. Mfuko wa ndani wa karatasi hunyonya unyevu, hasa masika. Badilisha uweke wenye nailoni laini ndani. Mifuko ya plastiki nzito inayonuka dukani ikwepe kabisa, kwani kemikali zake hushika sahani na kuacha ukungu mweupe usiofutika. Zipange wima, mbali na ukuta wa nje na mbali na dirisha linalotazama bahari, chumvi isije ikala sindano na vichomekeo.

Ukungu wa kweli, ule wa vidoadoa, huoshwa kwa maji yaliyotoneshwa (distilled), si ya bomba wala ya kisima, kwani chumvi zake hubaki mferejini. Futa kwa kuzunguka, usikate mfereji kwa kupitisha kitambaa kutoka katikati kwenda nje. Sahani itapona, kava haitapona. Kwa hiyo anayekuuzia iliyotumika akutumie picha ya ndani ya kava na ya mgongo wake, si ya uso wa Milo peke yake.