Kiti cha mwaloni nilichouziwa Yorkshire, na maneno niliyoambiwa

Naanza na maneno yenyewe maana ndo yaliyonifanya niandike. Mwenye duka aliniambia, kwa sauti ya taratibu kama anamsomesha mtoto, kwamba vitu hivi vinataka macho yaliyokulia navyo. Nimesimama mbele ya meza yake, risiti mkononi, kiti changu kiko ndani ya gari pale nje, mvua inapiga, na yeye anapangusa miwani. Tangu siku ile nikiosha vyombo nayasikia, nikipanda basi nayasikia. Kwa hiyo mwenye kutaka kununua viti vya kale vya Kiingereza, vile vya mwaloni vya kuchongwa, asome, ila ajue naandika na moyo unachemka.

Macho yaliyokulia. Mie nimekulia Lamu. Babu yangu mzaa mama alikuwa mchonga milango, karakana yake ilikuwa chini kwetu na mie ndo nilikuwa nafagia maranda kila jioni, na kabla sijafagia ananipa kipande cha mbao ananambia pitisha kidole, niambie patasi imeingilia wapi na imetokea wapi. Nikikosea ananirudisha tena. Nina miaka mingi sasa huku Leeds, sichongi mie, nafanya kazi ya hospitali, lakini kidole hakijasahau.

Basi kiti. Nilikipata kipindi cha baridi, katika mji mdogo huku Yorkshire, duka la fanicha za kale lenye vitu mpaka dari. Mwanzo wala hakukuwa na ubaya, yule bwana alinikaribisha vizuri tu, chai hakunipa lakini alinieleza. Kiti kikubwa cha mikono, mgongo wake ubao mzima uliochongwa umbo la almasi na ua katikati, juu yake taji lenye mikunjo miwili pembeni kama masikio, ile aina inayojulikana kuwa ya Yorkshire. Kwenye taji zimechongwa herufi mbili na mwaka, 1661. Akanambia huo ni mwaka mmoja tu baada ya mfalme Charles wa Pili kurudishwa kwenye kiti chake, fikiria, mtu alikaa hapa akisikiliza habari hizo. Nikafikiria kweli. Nikatoa pauni 1,150, pesa nilizokuwa nimeziweka kwa safari ya nyumbani, nikajiambia mwaka huu nyumbani itanisubiri.

Na nieleze kwa nini nilikitaka hivyo, nisionekane nimetupa pesa tu. Zamani zile kwenye nyumba za Waingereza watu wengi walikaa kwenye vigoda na mabenchi, kiti chenye mgongo na mikono kilikuwa cha mkubwa wa nyumba au mgeni wa heshima. Sisi tunacho chetu, kiti cha enzi, kile cha mpingo na vipande vya pembe, ukienda makumbusho ya Lamu utakiona. Nasi mpaka leo anaeongoza kikao tunamwita mwenyekiti, nao wanamwita kwa kiti vilevile. Kwa hiyo nilipokiona nilihisi nakijua, ni jamaa wa mbali.

Nikafika nacho nyumbani nikakipaka nta, halafu jioni moja nikakigeuza miguu juu nisafishe chini yake. Hapo ndo mambo yakaanza.

Mbao za kikalio, kwa upande wa chini, zina alama za msumeno zilizopinda kama upinde wa mvua, moja baada ya nyingine. Hizo ni alama za msumeno wa duara, wa mashine. Mwaka 1661 mbao zilipasuliwa kwa kabari au kwa msumeno wa mikono wa watu wawili, alama zake zinanyooka. Msumeno wa duara umekuja kuenea karne ya 19 huko. Nikasema labda kikalio kimebadilishwa, si ajabu, mbao za kukalia zinaoza, zinavunjika, sina neno. Nikaangalia mikono ya kiti. Kwa ndani, kwenye ubao, kuna mifereji ya bungua imelala wazi kama mitaro ya maji. Sasa bungua hatembei juu ya mbao, akitoboa anatoboa ndani, wewe nje unaona kitundu tu. Ukiona mfereji wake uko wazi ujue mbao ile ilikuwa nene zaidi, ikaliwa, halafu mtu akaja kuikata upya akatengeneza kitu kingine. Nikapima miguu ya mbele, ile iliyokerezwa. Mti ukikauka miaka mia tatu na zaidi haubaki duara kamili, unanywea zaidi upande mmoja, ukipima unapata umbo la yai. Ya kwangu ilikuwa duara safi, huku na huku sawasawa.

Halafu ule mwaka. Nilipitisha kidole. Taji lote limelainika, kingo zimekufa kwa mikono ya watu, lakini 1661 ni kali, ukingo unashika kidole, na tumbo la ile 6 ya kwanza limekata kitundu cha bungua katikati. Yaani patasi imekuja baada ya mdudu. Nikakaa chini sakafuni na tochi, nikalia, sioni haya kusema.

Baadae nikaja kusoma kwamba mambo haya yalikuwa kawaida enzi za malkia Victoria. Watu walipenda sana mwaloni mweusi wa kuchongwa, mahitaji yakawa mengi kuliko viti vyenyewe, mafundi wakawa wanachukua mbao za makabati na masanduku na vitanda vilivyovunjika wanaviunga kuwa viti, na fanicha iliyokuwa haina nakshi wanaitia nakshi, na mwaka wanautia, kisha wanapaka rangi nyeusi kama lami kila kitu kifanane. Sawa, hao wamekufa, siwadai. Ninaemdai ni mtu wa leo aliyeniandikia kwenye risiti kwa mkono wake "kiti cha 1661".

Nikarudi dukani ndani ya wiki mbili, tatu hazikufika. Sikwenda kwa ugomvi. Nilimwonyesha picha kwenye simu, nikamweleza alama za msumeno, mifereji, ile 6. Hakutazama picha hata moja! Ndo akasema yale maneno ya macho. Nikamwambia njoo basi mpaka kwenye gari ukipitishe kidole mwenyewe, akasema ana wateja. Duka lilikuwa na mimi na yeye na paka. Na aliponiuzia hakuniambia habari ya macho, siku ile pesa zangu zilikuwa na macho ya kutosha.

Mtu anaweza kukosea kiti. Hata mabingwa wanadanganywa na viti hivi, najua, na kama angesema samahani sikuona, tungekaa tukaongea na leo ningekuwa namsifia. Lakini kunichukulia kwamba mie kutoka nilikotoka siwezi kujua patasi! Ufundi wa mbao ni wa nani? Anadhani patasi ilizaliwa Yorkshire?

Nikaandika barua. Hili lichukueni wote mnaoishi Uingereza, Sheria ya Haki za Mlaji ya mwaka 2015 inataka kitu ulichouziwa na mfanyabiashara kilingane na alivyokieleza, na kama hakilingani una siku 30 za kukirudisha udai pesa zako zote. Nilitaja sheria, nikaambatanisha picha na nakala ya risiti. Siku chache tu simu ikalia, sauti imebadilika, ati anaweza kunirudishia zote nikileta kiti, au anirudishie 600 nibaki nacho na aandike risiti nyingine.

Na hapa ndo nashindwa kujielewa, maana nilikuwa nimeapa kiti kile kitatoka nyumbani kwangu. Usiku kabla ya kukirudisha nilikigeuza mara ya mwisho nikaangalia nyuma ya ule ubao wa mgongo, ambao kwa hasira zangu sikuwa nimeuchunguza vizuri. Nyuma haujapakwa rangi. Mkavu, kijivukijivu, hauna alama ya msumeno wowote, una mawimbi ya mbao iliyopasuliwa kwa kabari kufuata kiini cha mti, na kingo zake zimepunguzwa kwa mkono ziingie kwenye fremu. Mbele, ukimulika tochi kwa ubavu, inatokea ile milia inayong'aa ya mwaloni uliopasuliwa vile. Na katikati ya ua, katikati kabisa, kuna kitobo. Kitobo cha ncha ya bikari. Na kutoka pale vinakwenda vistari vyembamba alivyochora fundi kabla hajashika patasi, kimoja amekosea akachora tena pembeni yake.

Babu alikuwa na bikari ya chuma, mguu mmoja umepinda. Kila ua alilochonga lina kitobo kile, na mie nikimuuliza mbona huzibi, ananambia huo ndo mlango nilioingilia.

Ubao ule ni wa kweli. Ni wa karne ya 17, nasema mie niliyeambiwa sina macho. Kiti kimeungwaungwa, mwaka ni wa uongo, miguu ni ya juzi, lakini ubao wa mgongo ameuchonga mtu aliyejua anachofanya, umeegemewa na watu wasiohesabika, na sikuweza kuupeleka tena kwa yule bwana aupake nta aje amdanganye mwingine. Nikachukua 600. Kwa pauni 550 kiti hiki si ghali, na kukikalia kuna raha yake, mgongo wima, mikono mipana, mwanangu anakaa pale kila asubuhi anavaa soksi. Ukitia mto mdogo unaweza kukaa saa nzima, bila mto kikalio kinauma, hilo nisifiche.

Niliposhika kalamu nilitaka kusema msinunue kabisa fanicha hizi. Sasa siwezi kusema hivyo. Nunueni, ila kigeuzeni kiti miguu juu kabla hamjatoa hata senti, mbele ya mwenyewe, akikataa ondokeni. Leteni tochi. Angalieni zile mbao za chini zinazofunga miguu ya mbele, za kweli zimelika juu kwa visigino vya watu, zimeinama kama ngazi za msikiti. Pale ulimi wa mbao unapoingia kwenye tundu, pawe na kijiti cha mbao kilichochongwa kwa mkono, mara nyingi kimechomoza kidogo maana mbao imenywea nacho kimebaki. Na duka likiandika mwaka, liandike pia ni sehemu gani ya kiti ina mwaka huo.

Duka lile nilikuwa naliwekea nyota moja. Nikafikiria pesa amerudisha bila kufikishana mahakamani, nikataka kuweka tatu. Nikakumbuka macho, nikarudi kwenye moja. Risiti mpya alinitumia kwa posta, ameandika vizuri sasa, kiti cha karne ya 19 chenye ubao wa zamani zaidi. Neno samahani hakuandika. Niligeuza karatasi nyuma nikitafuta.

Juzi nimepita pale. Dirishani ameweka benchi la mwaloni lenye mgongo mrefu, mbao nne za kuchongwa, na moja wapo nadhani, nadhani tu, imechongwa na mtu wa jirani na yule wangu, maana mkunjo wa majani unafanana. Nilisimama kwenye mvua mpaka begi likalowa. Sikuingia. Jumamosi wanafungua saa nne, na nikiingia naingia na tochi, na nitaligeuza mbele yake.