Kiti cha panda na seremala wa Ng'ambo, Tabora

Kiti chenyewe nilikirithi kwa mjomba, aliyefanya kazi miaka mingi Sikonge na wamisheni Wamoraviani kutoka Denmark. Nyumbani tulikiita kiti cha panda, maana ubao wa mgongoni umegawanyika juu kama panda ya manati. Mwaka jana kamba za kikalio zilikatika. Fundi wa kwanza niliyempelekea alitaka kupigilia plaiwudi na kuweka sponji juu yake. Nilikichukua kiti changu nikaondoka.

Wa pili ndiye ninayemsifu hapa. Karakana yake iko Ng'ambo, chini ya mwembe. Kabla hajataja bei alikipindua kiti miguu juu, akapitisha kidole kwenye kila kiungo, kimya. Kisha akasema, "Mwalimu, aliyebuni hiki alikuwa seremala." Hakukosea. Aliyekibuni, Hans Wegner wa Denmark, alizaliwa 1914 huko Tønder, baba yake akiwa fundi viatu, na alipofika miaka 14 alikwishaanza kujifunza useremala. Mpaka anafariki mwaka 2007 alikuwa amebuni viti zaidi ya 500. Hiki cha panda alikibuni 1949, baada ya kuvutiwa na viti vya kale vya Kichina, na kampuni ya samani ya Carl Hansen & Søn inakitengeneza tangu 1950 mpaka leo.

Kikalio cha asili husukwa kwa kamba ya karatasi iliyosokotwa, kama mita 120 kwa kiti kimoja. Kamba hiyo Tabora hatukuipata. Fundi akapendekeza katani nyembamba, nami nikahofia manyoya yake, kwa kuwa katani inachoma hata juu ya kitenge. Aliipitisha haraka juu ya moto manyoya yakaungua, halafu akaivuta kamba yote, mita kwa mita, ndani ya bonge la nta ya nyuki mpaka ikateleza mkononi. Nilikaa nikamtazama asubuhi nzima.

Kusuka kwenyewe kuna siri moja. Mbele ya kikalio ni pana kuliko nyuma, kwa hiyo ukizungusha kamba moja kwa moja kwenye pembe zote nne, utaishia na uwazi uliopinda katikati. Yeye alianza na pembe mbili za mbele peke yake, akazijaza taratibu mpaka nafasi iliyobaki ikawa sawa mbele na nyuma. Ndipo akazunguka pembe zote. Alipomaliza, pembetatu nne zilikutana katikati kama mgongo wa bahasha. Siku mbili za kazi, shilingi 70,000. Huu ni mwezi wa tano nakikalia kila siku na hakijabonyea. Jua likiingia dirishani, kinanukia asali.

Nikaagiza vingine viwili vya mninga, shilingi 240,000 kila kimoja. Hapo palikuwa na mtihani. Ule mti wa juu unaozunguka mgongo na kuwa mikono, kwenye kiti cha Wegner ni kipande kimoja kilichokunjwa kwa mvuke. Fundi hana chombo cha mvuke, na mninga hakutaka kuulazimisha. Aliunga vipande vitatu kwa meno yanayoingiliana, na meno hayo yanaonekana. Mwanzoni sikupenda, niliona ni kiraka.

Nikabadili mawazo niliposoma kuhusu kiti kingine cha Wegner cha mwaka huohuo wa 1949, kile cha duara ambacho Kennedy alikikalia kwenye mdahalo wa televisheni na Nixon, walipogombea urais wa Marekani mwaka 1960. Mgongo wake nao ni wa vipande vilivyoungwa. Mwanzo Wegner aliufunika kwa henzirani, baadaye akaondoa henzirani na kuacha meno ya kiungo yaonekane wazi. Nilimwonyesha fundi picha kwenye simu. Aliikuza kwa vidole viwili, akahesabu meno, akaenda kulinganisha na yake. Kesho yake aliniambia atayapunguza upana kidogo, na kwenye kiti cha pili alifanya hivyo. Kimependeza zaidi.

Kasoro zipo, na mteja azijue. Aliahidi wiki tatu, zikawa saba, na kwa siku kadhaa simu yake haikupatikana. Mikono ya kiti kimoja ilizidi kimo kwa sentimita mbili hivi, ikawa inagonga meza. Alikirekebisha bila malipo, lakini nilisubiri siku kumi nyingine. Pia vanishi aliyopaka inanata kwenye ngozi, na joto la Oktoba hapa kwetu mnalijua. Mwambieni mapema kwamba mnataka nta tu. Na mninga ni mzito: mama yangu hawezi kukivuta kwa mkono mmoja kama alivyozoea kile cha mjomba.

Hata hivyo mama huketi upande upande, mgongo kwenye mkono wa kushoto, akichambua mchele, na haombi tena mto. Kwa ajili yake nimeagiza cha tatu, cha nta. Nilipopita Jumamosi mgongo ulikuwa umebanwa kwa klampu, gundi inakauka, na panda yake ilikuwa imeshachongwa, imeegemezwa kwenye shina la mwembe.