Siku tisa wodini na mama: kitanda safi, kiti hapana

Mama alianguka bafuni, akawekewa nyonga bandia kwenye hospitali moja ya binafsi hapa Dar es Salaam. Nilimuuguza siku tisa, nikilala humo humo chumbani. Madaktari na manesi nawashukuru sana. Hapa nazungumzia vyombo vya chumbani.

Kitanda nakisifu. Miguuni kina hendeli tatu: ya kichwa, ya magoti, na ya kupandisha au kushusha kitanda kizima. Hiyo ya tatu ndiyo mkombozi. Mama ni mfupi. Asubuhi nilikuwa nazungusha mpaka nyayo zake zikanyage sakafu vizuri, ndipo anyanyuke. Nesi akija kusafisha kidonda, anakipandisha hadi usawa wa kiuno chake, mgongo usimuume. London, miaka ya 1960, mbunifu Bruce Archer na wenzake wa chuo cha sanaa cha Royal College of Art walipobuni kitanda cha hospitali kwa ajili ya King's Fund, shirika la hisani la mambo ya afya, walikipeleka wodini kijaribiwe na manesi na wagonjwa wenyewe. Kitanda cha mama kinaonyesha fikra hiyo hiyo.

Kiti sasa. Ni kochi laini, la chini, halina mikono. Mtaalamu wa mazoezi alishatuonya: goti lisipande juu ya nyonga, kiungo kitachomoka. Mama akikaa pale anazama, magoti yanamjia kifuani! Anyanyuke ameshika nini? Nikaenda mapokezi kuomba kiti chao cha mbao, kirefu, chenye mikono. Alipokikalia akashusha pumzi, akasema, "Hapa sasa nimekaa, mwanangu."

Kabati nalo limewekwa nyuma ya bega la mgonjwa, na mwenye nyonga mpya hatakiwi kujipinda. Usiku wa pili nilishtushwa na bilauri ikipasuka sakafuni. Mama alikuwa anapapasa maji gizani, hakutaka kuniamsha. Iliniuma sana. Kesho yake nilipouliza, nikaletewa meza ya magurudumu inayopita juu ya kitanda. Kumbe ilikuwepo stoo siku zote.

Kitanda nakipa nyota tano, kochi moja. Ukimpeleka mzazi aliyefanyiwa nyonga, iulizie meza hiyo siku ile ile ya kwanza, na kabla hajakalia kiti chochote, kikalie wewe kwanza uone magoti yako yanafika wapi.