Likizo ya shambani na mbwa, bila nyama mezani: uzoefu wangu

Naanza na uamuzi ili asiye na muda asisumbuke: ningerudi kwenye nyumba hii ya wageni, na mbwa wangu Bobi ningemchukua tena. Nyota nne kati ya tano. Ile niliyoizuia nitaieleza, na haihusu chakula.

Tangazo la nyumba hii ya wageni lilisema mbwa wanaruhusiwa na wasiokula nyama wanapikiwa. Matangazo ya namna hiyo nimeyasoma mengi. "Wanaruhusiwa" mara nyingine ni banda la nje na mnyororo, na "wanapikiwa" ni sahani ileile ya wengine iliyopunguzwa nyama, umebakiwa na wali na majani mawili ya saladi. Kwa hiyo kabla ya kulipa nilipiga simu nikauliza yale ambayo tangazo huwa haliyasemi: mbwa analala wapi, anaweza kuingia tunapokula, uzio umezunguka wote, mifugo iko upande gani. Mwenyeji alijibu yote, kisha naye akaanza kunihoji. Ana chanjo ya kichaa cha mbwa? Umempaka dawa ya kupe? Anafukuza kuku? Hapo ndipo nilipotulia. Mwenye nyumba asiyeuliza lolote kuhusu mbwa wako, ama hajawahi kuishi na mbwa ama hana uchungu na kuku wake.

Chumba chetu kilikuwa cha chini, mlango ukifunguka moja kwa moja uani. Sakafu tupu, hakuna zulia, bakuli la maji limeshawekwa, na kando yake taulo kuukuu za kufutia miguu ya mbwa. Taulo hizo zilinifurahisha kuliko kitanda. Nendeni na blanketi la mbwa la nyumbani, msilifue kwanza. Harufu yake humfanya alale usiku wa kwanza badala ya kukwaruza mlango.

Sasa matembezi, maana ndiyo yaliyotupeleka. Njia zinaanzia langoni, huna haja ya gari. Moja inafuata mto, nyingine inapanda kilima kupitia msituni, na ya tatu inakatiza malisho. Tulikuwa tukitoka kabla jua halijakolea. Si kwa ajili yetu, ni kwa ajili ya Bobi: mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi, jasho la kumpoza hutoka hasa kwenye nyayo, na joto lingi hulitoa kwa kuhema. Mchana, pale njia inapogeuka lami, nilikuwa naweka mgongo wa kiganja chini. Usipoweza kuuacha hapo kwa sekunde 7, nyayo za mbwa zitaungua. Bobi ana pua ndefu na bado alikuwa anatafuta kivuli. Wenye mbwa wa pua fupi, kama pug na bulldog, wasithubutu ile njia ya kilima saa za joto.

Njia ya malisho ni nzuri sana, lakini inataka akili. Ng'ombe mwenye ndama humwona mbwa kama adui, hata mbwa mpole kama mtawa. Tulipita mbali nao, Bobi akiwa kwenye kamba fupi, hatukupita katikati ya ndama na mama yake. Na hili wengi hawalijui: ng'ombe wakikuandama, mwachie mbwa kamba. Wanamfuata yeye, na yeye ana mbio kuliko wewe. Ukimng'ang'ania, umewaleta kwako.

Kwenye mto aliogelea hadi akachoka. Ila palikuwa na dimbwi moja lililotuama, lenye utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, na hapo sikumruhusu hata kulamba. Baadhi ya vijani hivyo vina sumu inayoweza kumuua mbwa kwa muda mfupi, na kwa macho huwezi kutofautisha vyenye sumu na visivyo nayo. Beba maji yako.

Kila jioni ilikuwa zamu ya kupe. Ndani ya masikio, kwapani, chini ya ukanda wa shingo, katikati ya vidole. Kupe hung'olewa kwa kibano, unamshika karibu kabisa na ngozi na kumvuta polepole bila kumminya. Mambo ya kumpaka mafuta au kumchoma na kiberiti yaachwe.

Chakula. Mpishi ni mama mtu mzima ambaye hapendi kuulizwa mara mbili. Nilipomuuliza kama supu ya mboga imechemshwa kwa maji ya mifupa, alinitazama akasema, "Mwanangu, sufuria hii haijui mfupa." Nikanyamaza nikala. Kulikuwa na dengu nzito zilizopikwa taratibu, bilinganya za kuchoma, uyoga, maharage, mayai asubuhi, na mkate wa moto ambao mke wangu bado anauzungumzia. Hata jibini alikuwa ameifikiria. Jibini nyingi ngumu, Parmesan ya asili ya Italia ikiwemo, hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotoka tumboni mwa ndama, na wapishi wengi hukunyunyizia wakidhani wamekutendea hisani. Yeye alinionyesha pakiti yake: kigandishi si cha mnyama. Mlo wa mchana wa kubeba ndio uliopwaya. Ulikuwa ni uleule kila siku, na yai la kuchemsha lina mwisho wa utamu wake.

Kuna jambo ambalo watu husahau: meza isiyo na nyama haina usalama zaidi kwa mbwa. Vitunguu maji na vitunguu saumu, vibichi, vilivyopikwa au vya unga, huharibu chembe nyekundu za damu yake. Zabibu, mbichi na kavu, zinaweza kuua figo. Njugu za makadamia, chokoleti, unga wa mkate uliokandwa haujaokwa, vyote ni hatari, bila kusahau zailitoli, ule utamu wa badala unaotiwa kwenye chingamu na baadhi ya siagi za karanga. Kwa hiyo hakuna kumrushia tonge chini ya meza, hata akuangalie vipi. Mama alilijua hili kabla sijalisema. Alikuwa akitenga karoti na boga vya kuchemsha, bila chumvi, kabla kitunguu hakijaingia sufuriani, na Bobi akajua saa ya jikoni kuliko saa yangu.

Chakula chake chenyewe kilikuwa kilekile cha nyumbani, chenye nyama. Tumbo la mbwa linaweza kusaga wanga vizuri, tofauti na paka ambaye hawezi kuishi bila virutubisho vya nyama, lakini kumbadilishia mlo ghafla katikati ya likizo ni kujitafutia kuharisha kwenye chumba cha watu.

Nyota niliyoizuia sasa. Ramani waliyotupa haikuonyesha kwamba njia ya kilima inavuka uzio kwa ngazi za mbao, za kupanda na kushuka. Mtu anapita. Mbwa wa kilo 28 hapiti, anabebwa, tena anapigapiga miguu. Nyumba inayojitangaza kuwa ya wenye mbwa ilipaswa kuchora ngazi hizo kwenye ramani, na kubandika ukutani namba ya daktari wa mifugo wa karibu, ambayo nililazimika kuiomba. Mwenyeji alisema atarekebisha yote mawili. Mwenye mbwa wa kubebwa kwapani hazitamhusu ngazi hizo. Huyo anaweza kuirudisha nyota yangu ya tano.