Southwest yangu, fimbo ya pool: miaka mitano mkononi, na kilichoishusha bei siku ya kuiuza

Mzee aliyeinunua fimbo yangu hakuangalia rangi kwanza. Nilifungua mkoba, nikamtolea kitako, kile kipande cha nyuma, chenye mikuki yake sita inayong'aa, yale mapambo marefu ya mbao yenye ncha, nikidhani atashangaa. Akaniambia, nionyeshe shafti. Nikampa zote mbili, vile vipande vya mbele vinavyofungwa kwenye kitako kwa zamu. Akatoa kipimo cha venia mfukoni, akabana ya kwanza karibu na ncha: milimita 12.9. Akabana ya pili: 12.3. Akainua macho, akaniuliza nani kaikereza hii.

Dola 500 zangu ziliondoka pale pale.

Tulikuwa Elizabeth, Indiana, ng'ambo ya mto Ohio, kwenye mashindano ya Derby City Classic ambayo huchezwa kila Januari. Fimbo hii niliinunua hapo hapo Januari 2020 kwa dola 3,400, na nimeiuza Januari 2025 kwa dola 2,750. Jamaa zangu wa hapa Louisville, Kentucky, wanaocheza pool wamekuwa wakiniuliza fimbo ya fedha hizo ina nini, na kwa nini nimepata hasara wakati mimi ndiye niliyekuwa nawaambia fimbo za namna hii hazishuki. Naandika haya kwa ajili yao, na kwa yeyote anayetaka kuweka fedha zake kwenye fimbo ya kutengenezewa kwa mkono.

Kwanza fimbo yenyewe. Southwest ni karakana ndogo ya Las Vegas. Ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 chini ya Jerry Franklin. Jerry alifariki 1996, na mkewe Laurie akaiendeleza kazi. Hawatoi fimbo nyingi, na anayeagiza mpya husubiri kwa miaka. Ndiyo maana iliyotumika ina soko: huwezi kwenda dukani ukachukua nyingine. Zile zilizopita mikononi mwa Jerry mwenyewe huuzwa ghali zaidi, kwa sababu haziongezeki. Ni hivyo hivyo kwa mafundi wakubwa waliotangulia. George Balabushka wa New York alifariki 1975, Gus Szamboti wa Pennsylvania akamfuata 1988, na fimbo zao leo ni za watu wenye kabati za vioo. Yangu ilitengenezwa baada ya Jerry, kwa hiyo ilikuwa kwenye bei ya mtu wa kawaida aliyejinyima.

Kwenye meza sina lawama hata moja. Aunsi 19, ambazo ni kama gramu 540, na uzito wenyewe umekaa mahali pake, si mbele wala nyuma. Ukipiga mpira mweupe katikati unasikia mlio mfupi, mzito, kama mtu anayebisha mlango wa mninga. Mkono unajua umepiga vizuri kabla jicho halijaona. Maungio, pale shafti inapofungwa kwenye kitako, ni bapa, na skrubu yake ni nene, nyuzi 11 kwa inchi. Karakana nyingi nyingine hutumia 10. Likumbuke hilo, maana nimeona kwa macho yangu mtu akilazimisha shafti ya 10 kwenye skrubu ya 11, ikalia kama mlango wenye kutu, na uzi wa ndani ukaliwa. Fimbo nzuri, imeharibika kwa dakika moja.

Sasa ile shafti. Mwaka 2022 niliipeleka kwa duka moja la kurekebisha fimbo, jina naliacha, nibadilishiwe ngozi ya ncha. Ngozi tu. Nilipoifuata ilikuwa nyeupe kama mpya, laini, ile bluu ya chaki iliyoingia kwenye vinyweleo vya mbao imetoka yote. Nilifurahi, nikaongeza dola 10 juu ya malipo. Sikujua kwamba ili kuifanya nyeupe hivyo, fundi aliifunga kwenye mashine ya kukereza akaipitishia msasa mkali kuanzia ncha mpaka maungio. Mbao ya mepo haioti tena ikishakatwa. Shafti ya asili ya fimbo kama hii huwa karibu milimita 13 kwenye ncha, na mnunuzi anayejua anaanzia hapo, kwa sababu shafti nene inaweza kupunguzwa lakini nyembamba hairudi.

Alama iliyo wazi zaidi haikuwa kwenye ncha, ilikuwa kwenye maungio. Yule mzee alifunga shafti kwenye kitako, akaufumba mkono, akapitisha ukucha wa kidole gumba taratibu kutoka kwenye mbao ya mbele kuelekea pete ya kitako. Kwenye shafti nzima ukucha ulipita kama juu ya kioo. Kwenye ile iliyokerezwa uligota. Akanishika mkono, akanipitishia ukucha wangu mwenyewe mahali pale pale ili nisikie. Nilisikia. Kingo ndogo, labda unene wa karatasi mbili. Nilicheza nayo miaka mitatu bila kuihisi.

Kwa huduma ile natoa nyota moja, na hiyo moja ni ya ngozi, ambayo aliibandika vizuri. Fundi anayegusa mbao ya mtu bila kuulizwa hajafanya usafi, amechukua kitu kisichorudishwa.

Kitako changu kilinusurika kwa bahati. Duka lile lile lilinishauri nipake klia mpya, ile vanishi angavu ya juu, kwamba ya zamani ina mikwaruzo. Ilinishinda bei, nikakataa. Nashukuru mpaka leo. Kupaka upya maana yake ni kusaga ile ya zamani kwanza, na chini yake kuna mikuki yenye kingo za vipande vyembamba vya rangi. Msasa ukizidi upande mmoja, vile vipande vinakuwa vyembamba huku na vinene kule, na ncha za mikuki zinapoteza ukali. Kwenye fimbo nyingine hata sahihi ya fundi huondoka. Mikwaruzo ya kucheza hushusha bei kidogo. Klia ya mtu asiyejulikana huishusha sana. Ikibidi, irudishe karakana iliyoitengeneza na utunze risiti, hapo mnunuzi hatakuwa na neno.

Na hiyo mikuki ndiyo mahali pa kuangalia kama unanunua. Isogeze fimbo karibu na taa. Mikuki iliyokatwa kwa mfereji wa umbo la V na kuunganishwa mbao kwa mbao huishia na ncha kali kama sindano. Iliyochimbwa na mashine ya kompyuta mara nyingi ncha yake huwa na duara kidogo, kwa sababu chombo kinachochimba ni cha duara. Zote zinaweza kucheza vizuri. Bei hazilingani.

Unyoofu sitauzungumza sana, kila mtu anaujua: ilaze mezani uizungushe, tazama mwanga chini yake. Ila izungushe ikiwa imefungwa, halafu kila kipande peke yake. Nimeona vipande viwili vilivyopinda ambavyo vikiunganishwa kwa bahati vinaonekana vimenyooka. Na usiache fimbo kwenye buti ya gari wakati wa Julai huku. Mimi nafanya kazi usiku, gari linalala juani mchana kutwa, kwa hiyo fimbo yangu ilikuwa inalala chumbani karibu na kitanda, na mke wangu alishazoea.

Kitu kingine ni jina. Ndugu mmoja wa ligi yetu aliagiza fimbo nzuri kwa fundi wa Ohio, akaandikisha jina la mwanawe kwa herufi za fedha kwenye kitako. Inapendeza, na kama ni ya kumrithisha mtoto haina tatizo. Alipotaka kuiuza akakuta kila mtu anaisifu na hakuna anayefungua pochi. Nani atatembea na jina la mtoto wa mtu?

Kisha pembe za ndovu. Hapa nasema kama mtu wa Liwale, kusini mwa Tanzania. Kwenye meza za wauzaji pale Derby utakuta fimbo za zamani zenye pete, maungio na vikofia vya ncha vya pembe, na zamani hilo liliongeza bei. Tangu 6 Julai 2016 sheria ya Marekani imebana karibu biashara yote ya pembe kuvuka mipaka ya majimbo. Kitu kilichotengenezwa kabla ya hapo chenye pembe chini ya gramu 200 kinaweza kupita, lakini kwa masharti na ushahidi wa pembe ilitoka wapi na lini. California, New York na New Jersey zina sheria zao kali zaidi. Kwa hiyo muuzaji anabaki na fimbo ambayo nusu ya wateja wake wanaogopa kuigusa. Nimewahi kupewa moja kwa bei ya kutupa, nzuri kuliko Southwest yangu. Sikuichukua. Pori la akiba la Selous tuliyopakana nayo sisi ilihesabiwa tembo kama 13,000 mwaka 2013, wakati miaka ya sabini walikuwa zaidi ya laki moja. Babu yangu alikuwa akifukuza tembo shambani kwa kupiga debe. Siwezi kuichomeka pembe kwenye skrubu nikafurahi mchezo.

Mpingo nao, kwa wanaoniuliza: weusi unaouona kwenye fimbo nyingi ni abunusi ya upande mwingine wa Afrika, si mpingo wetu wa kusini. Lakini wako mafundi wanaoutumia, na unatoa mlio mkali unaopendeza. Ila tangu Januari 2017 jamii yote ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, biashara yake ya kimataifa inafuatiliwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Ukitaka kumuuzia mtu wa nje ya Marekani, jua mbao za fimbo yako kwa majina na uulize kwanza kama karatasi zinahitajika.

Karatasi zangu zilikuwepo: risiti ya 2020 na picha nilizopiga siku ya kwanza, nikiwa nimeweka kipimo kando ya kila shafti. Ndizo zilizonisaidia nisishushwe zaidi, kwa sababu mzee aliona kwamba shafti zote mbili zilikuja na fimbo na pete zake zinafanana. Dola 150 zilizobaki kwenye hasara zilikwenda kwa kovu dogo chini ya kitako, fimbo ilianguka kwenye saruji mwaka 2021. Hilo ni langu na nimelikubali.

Kwa fimbo yenyewe natoa nyota tano, na nikipata nyingine nitanunua. Safari hiyo shafti zake mbili zitakaa kwenye mkoba, nichezee shafti ya nyuzi za kaboni iliyo na uzi wa 11. Wachezaji wengi hapa wanafanya hivyo sasa.

Tulipomaliza kuhesabu fedha, mzee aliitia ile ya 12.3 kwenye mfuko wa pembeni wa mkoba wake, akavuta zipu. Ile ya 12.9 akaifunga kwenye kitako, akapitisha ukucha mara moja zaidi, akaenda kutafuta meza iliyo wazi.