Mpira wa yai wa Marekani, soko la Kadutu: ukague kabla ya kulipa

Mpira wa ngozi wa futiboli ya Marekani, wenye umbo la yai, uliokwisha kutumika, ukiupata Kadutu, soko la Bukavu, ni mzuri, ila uupime. Urefu uwe sentimita 28 hivi. Mfupi zaidi ni wa watoto. Lowesha sindano ya pampu (ile ile ya mpira wa miguu), maana ikiwa kavu huchana vali, kisha ujaze upepo hadi shinikizo la baa 0.9. Tia vali majini: mapovu yakitoka, upepo hautakaa. Kubadilisha kibofu (mfuko wa upepo wa ndani) ni kufumua kamba zote, kazi ngumu hata kwa fundi viatu mzoefu.

Wembamba wa mpira huu ndio sifa kubwa: unarushika. Fritz Pollard, mchezaji mweusi aliyetwaa ubingwa wa ligi ya Marekani na timu ya Akron Pros mwaka 1920, akawa kocha wao 1921 na kuingizwa Jumba la Heshima la mchezo huo 2005, alicheza na mpira mnene zaidi; ndiyo maana mbio zake zilikuwa silaha. Ligi iliupunguza unene mwaka 1934, yeye ameshaondoka tangu 1926.

Papasa vipele vya ngozi. Vikifutika, unateleza mikononi mvua ikinyesha, na Bukavu mvua haikawii. Ukilowa, uanike kivulini. Jua kali hupasua ngozi penye mishono.