Kopo la mlenda wa bibi: uzoefu wangu wa kusoma Ujerumani nikiishi na familia

Wakala aliyenipeleka ameanza tena kutangaza nafasi za kwenda Ujerumani kusoma na kuishi na familia za huko, na mdogo wangu hapa Nkuhungu, Dodoma, ameniuliza ajaze fomu au aache. Nimeshindwa kumjibu kwa neno moja, ndiyo maana naandika.

Ada, viza na bima watakueleza ofisini kwao. Mimi nina habari ya kopo moja la mlenda.

Kabla sijaondoka, bibi alikuja mjini kutoka Mvumi na unga wa uwele kama kilo 3, pamoja na mlenda mkavu uliotwangwa, ameujaza kwenye kopo la Blue Band na kulifunga kwa kitambaa. Wa huku kwetu mnaelewa. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, inaanza Desemba na inaweza kukatika mahindi yakiwa ndiyo yanachanua, na hapo mwenye chakula ni yule aliyepanda uwele au mtama. Na uwele ukishakomaa wanashuka kwelea kwelea. Mwaka ule nililinda ndege shambani kwa bibi, tangu alfajiri mpaka jua linazama, napiga debe na kupiga kelele hadi sauti inakauka. Unga ule niliutolea jasho.

Nilipangiwa familia kwenye mji mdogo karibu na Leipzig. Wiki ya tatu au ya nne hivi, narudi kutoka darasani, baridi imenikata masikio, naingia jikoni nipike. Kopo halipo. Unga haupo. Namuuliza mama mwenye nyumba, ananionyesha nje, kwenye pipa la kahawia wanakotupa mabaki ya chakula. Nikafunua. Uwele wa bibi umemwagwa juu ya maganda ya viazi, na mlenda umelowana na mashapo ya kahawa, tayari unavuta utelezi humo humo pipani. Nilisimama na kifuniko mkononi, hata machozi hayakutoka.

Kumbe alifungua kopo akaona unga wa kijani, akaunusa, akaogopa. Mimi hakuniuliza. Alimpigia mratibu wa kule, mratibu akapiga Dodoma, na jioni ile ile nikapigiwa na dada wa ofisi ya hapa.

“Mdogo wangu, umebeba nini huko? Mama wa watu ana hofu, anadhani ni bangi.”

Nikamwambia, dada, ni mlenda. Akanyamaza kidogo.

“Sasa mlenda wa nini Ulaya? Muombe msamaha yaishe, usituharibie jina.”

Huyu dada ni wa hapa hapa. Siku ya semina tulikaa meza moja, akala ugali kwa mlenda mbele ya macho yangu na kuongeza. Angemwambia yule mama maneno matano tu: hiyo ni mboga ya kwetu. Mzungu hajui mlenda, simlaumu sana kwa kutojua. Lakini wewe? Unaujua, umeula, halafu unaniambia niombe msamaha?

Na niliomba. Kwa Kijerumani changu cha wiki nne, nimesimama kama mwizi, nikaombea msamaha chakula cha bibi yangu. Hilo halijanitoka moyoni mpaka leo.

Semina yao ilikuwa ya siku 2. Tulifundishwa kutenganisha takataka, kufika kwa wakati, kutopiga kelele baada ya saa nne usiku, kuzoea mkate mkavu jioni. Vyote nilivishika. Je, wenyeji nao walifundishwa nini kuhusu sisi? Nilipouliza sikujibiwa.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema familia ile ni mbaya. Haitakuwa kweli. Kama mwezi mmoja baadaye yule mama alinijia mwenyewe, akaniuliza kile cha kijani kilikuwa nini. Nikamwonyesha video niliyorekodi Mvumi: bibi yuko uani, majani yameanikwa juu ya gunia, anatwanga huku akiimba. Akaitazama mara mbili, akafunika mdomo kwa kiganja. Jumamosi akanipeleka Leipzig kwenye duka la Waafrika. Uwele haukuwepo. Tukapata sembe na bamia, nikaipika mpaka ikavutika, naye akala kwa mkono, ugali unamponyoka vidoleni na hakuacha. Mwezi wa pili nilipougua homa alilala kwenye kiti pembeni ya kitanda changu. Bado ananiandikia, ananiita binti yake, nami namwita mama na ninamaanisha.

Kwa hiyo familia nawasifu. Ila nikilikumbuka lile pipa hasira inapanda upya, maana chumba changu kilikuwa pale pale juu, angesubiri nirudi tu aniulize. Hapana, nimeshamsamehe, alikuja akauliza. Ofisi haijawahi kuuliza. Ukipata watu wazuri ni bahati yako, na jambo likiharibika ofisi iko upande wa mwenye nyumba kabla hujafungua mdomo. Mdogo wangu juzi nilimwambia ajaze fomu. Jana nikamwambia asubiri kwanza.

Niliporudi, bibi aliuliza kama wazungu waliupenda uwele wake. Nikamwambia waliumaliza wote. Sikuwahi kumdanganya bibi kabla ya hapo.

Sidai fidia, unga wenyewe haurudi. Nataka yule dada anipigie, aniambie pole, na akubali kwamba mlenda ni chakula. Namba yangu wanayo.